Jeneza laja na wewe uko kazini: mwongozo wa dereva wa Mombasa

Hii naandikia watu wa kazi. Wa tuktuk, wa matatu, wa boda, wa teksi za apu, wa vipikapu vya mkate na maziwa, na nyinyi wa trela mnaoshuka bandarini. Manake mwenye gari yake ya kwenda sokoni akikutana na maziko anasimama tu, hana wa kumuuliza. Lakini wewe una abiria nyuma, una tajiri, mwenye gari, anapiga simu, una hesabu ya jioni, na hapo ndipo watu wazuri kabisa hufanya mambo ya ovyo.

Mimi mwenyewe nilifanya. Mwaka wangu wa kwanza na tuktuk, nimetoka Buxton na mama mmoja na magunia yake mawili ya viazi, kuingia Majengo nakuta wanaume wamejaa barabara, nikadhani ni watu wametoka msikitini wanapiga soga, nikapiga honi. Nikapiga tena, mara hii nimeibana. Wale wa nyuma wakageuka, na walipogeuka ndio nikaliona tusi, yaani jeneza la kubeba maiti, kule mbele, kitambaa cha kijani, lapanda na kushuka mabegani. Mzee mmoja akaja akaweka kiganja kwenye kioo, hakugonga, akasema "Mwanangu, zima." Nikazima. Sasa injini imezima lakini muziki waendelea! Fundi alikuwa amevuta waya wa spika moja kwa moja kwenye betri, ufunguo hauzihusu kabisa, na kilichokuwa kikilia ni chakacha cha arusini. Nikaanza kubonyeza huku na huku, mkono watetemeka, yule mama nyuma amejifunika uso na leso, watu mia na kitu wapita pande zote mbili kimya, na bibi arusi asifiwa kwa sauti ya juu. Mwisho nikang'oa waya.

Kwa hivyo tuanzie kabla hata hujatoka nyumbani.

1. Jua wapi na saa ngapi

Maziko ya Waislamu hapa mjini yana saa zake. Maiti haekwi, akifariki usiku akiwezekana kuzikwa mchana atazikwa, na mara nyingi husaliwa baada ya swala ya faradhi, adhuhuri au alasiri, wengine hata baada ya isha. Kwa hivyo chukulia saa saba na kitu na saa kumi na kitu ndio nyakati za kuangalia, hasa ukiwa karibu na makaburi ya Kikowani, Sarigoi au Manyimbo. Wakristo wanaozika mjini wengi huelekea Mbaraki. Na zile safari za bara, gari ya maiti hutoka mochari, kama ile ya hospitali ya Makadara, Alhamisi au Ijumaa, ikamatie Makupa, Changamwe, Miritini, iende na barabara ya Nairobi ili Jumamosi wazike nyumbani.

Yale matangazo ya WhatsApp ya fulani bin fulani amefariki, atasaliwa Msikiti Noor Bondeni alasiri na kuzikwa Kikowani, wewe dereva yasome mara mbili. Mara ya kwanza kama binadamu, umuombee. Mara ya pili kama mtu wa barabara, useme sawa, saa kumi Bondeni sipiti, naenda na njia nyingine. Kupisha ambako ni rahisi kuliko kote ni kule kutofika pale kabisa, na hakuna abiria atakayekulaumu kwa njia ambayo haikuwa na jemu.

Halafu ile habari ya spika. Nenda kwa fundi umwambie akuekee swichi moja, mahali ambapo mkono wafika bila kutafuta, inayokata muziki wote. Yangu iko kando ya usukani. Ni kazi ya nusu saa.

2. Litambue mapema

Jeneza la miguu ndilo linalowashtua madereva wageni, waliotoka bara juzi, manake huko wamezoea maziko ni msafara wa magari. Hapa tusi labebwa mabegani na laenda MBIO. Si kwamba watu wana fujo, ni sunna kumharakisha maiti. Wabebaji wabadilishana njiani bila kusimama, wa mbele anaachia anarudi nyuma, mwingine kaingia, na hata mtu aliyekuwa amekaa barazani na kahawa yake huinuka akatia bega hatua kumi akarudi. Ndio maana umati haukai kwenye laini moja, wafura, waingia barabarani, watoka, mtu atakuruka mbele ya gari akiwahi kushika. Si mjinga, anatafuta thawabu, na macho yake yako kwenye jeneza hayako kwako.

Ukiona kutoka mbali wanaume peke yao, kanzu nyingi, wote wanaenda upande mmoja kwa haraka na hakuna anayecheka, basi jua. Arusi na maulidi utasikia dufu au tarumbeta kabla hujaona watu. Maziko utayaona kabla hujayasikia, ukikaribia ndio wasikia La ilaha illa Llah ya chini chini.

Msafara wa magari nao ni taa zimewashwa mchana, hazadi (zile taa za tahadhari) zapiga, kitambaa au matawi yamefungwa kwenye vioo vya pembeni, picha ya marehemu kwenye kioo cha mbele, na nyuma ya gari ya maiti basi moja au mawili ya jamaa na gari ndogo zimefuatana. Matawi peke yake usiyaamini sana lakini, kwetu tawi barabarani pia lamaanisha kuna lori limekufa kona ya mbele. Punguza mwendo tu, yote mawili yataka upunguze.

3. Namna ya kusimama

Hapa wengi huharibu kwa heshima zao. Mtu aona jeneza, apiga breki za ghafla katikati ya barabara, wa nyuma amuingia. Sasa msiba mmoja umekuwa miwili.

Toa mguu kwenye mafuta. Angalia kioo cha nyuma kwanza, nani yuko mgongoni mwako. Washa hazadi, hiyo ndio salamu yako kwa wa nyuma kwamba kuna kitu. Shuka polepole, kaa kushoto, simama nafasi ambayo watu wataweza kupita PANDE ZOTE za gari bila kujibana na ukuta. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambapo tuktuk yenyewe yapita kwa kukwaruza, usisimame hapo ulipo, rudi nyuma mpaka kona iliyo pana, kama bado una muda. Kama huna muda, jibandike kwenye baraza la mtu, kunja kioo cha pembeni, tulia.

Wa trela nyinyi ni hesabu nyingine. Kontena la futi 40 halisimami kwa kupenda, na hewa ikikutoka kwenye breki ule mlio ni kama kombora, watu watashtuka. Anza kupunguza mbali kabisa, malizia kwa gia.

Na kuna mahali husimami hata liwe jeneza la nani. Juu ya daraja la Nyali, pale Makupa, kwenye mteremko wa Kibarani, ndani ya raundabauti. Hapo heshima yako ni mwendo wa pole, hazadi, uache nafasi mbele, uende nao hivyohivyo mpaka upate pahali pa kutoka. Gari ya maiti ikiwa kwenye foleni ya feri Likoni nayo, mwachie nafasi asogee mbele yako, hutazeeka.

4. Zima

Muziki kwanza. Halafu simu, manake ile sauti ya ramani ya kumwambia mtu ageuke kulia baada ya mita mia mbili inaudhi kuliko honi. Halafu injini, kama wapita kwa miguu karibu yako. Tuktuk ya dizeli ikinguruma kando ya jeneza hata dua mtu haisikii, na moshi wote waenda kwa wabebaji ambao wahema.

Honi usiiguse. Hata ile ndogo ya pii ya kuomba njia. Wa nyuma yako akipiga, toa mkono nje umuonyeshe chini, chini, ataelewa. Asipoelewa mtume kondakta aende akamwambie kwa mdomo.

Taa za juu zima usiku, usimulike watu machoni. Wa boda shuka kwenye pikipiki, simama kando yake, helmeti ishike mkononi. Kofia ya kiua haivuliwi, kepi wengine huivua, si lazima. Wewe Muislamu wajua la kusema. Asiyekuwa Muislamu nyamaza tu, yatosha kabisa, hakuna anayekungoja useme kitu.

Na hiyo simu ukishaizima sauti isiwe kamera sasa. Nshaona makanga amening'inia mlangoni anarekodi maziko ya watu apeleke status. Mtie ndani.

5. Usilikate

Hii ndio kubwa. Jeneza lilishapita na watu wengi wameshapita, mbele yako pametokea upenyo, gia iko mkononi, abiria amesema "twende dereva, washapita." Hawajapita. Nyuma ya umati kuna wazee wenye bakora, kuna baba mzito wa kisukari apumua kwa shida, na nyuma yao kuna tuktuk moja au mbili zimebeba wasioweza kutembea. Hao nao ni maziko. Mara nyingi hao ndio wenye maiti wenyewe, babake, kakake mkubwa. Ukipita katikati umemtenganisha baba na jeneza la mwanawe, kwa ajili ya dakika mbili.

Nimeshawahi kuhesabu kwa saa. Umati wa watu kama mia mbili, kutoka tusi lilipofika kwenye bampa langu mpaka mzee wa mwisho, dakika tatu na nusu. Pale Mwembe Tayari hukaa zaidi ya hapo ukingoja mkokoteni mmoja ugeuzwe.

Msafara wa magari sheria ni ileile lakini ina vijipengele. Taa ya barabarani ni yako kama ilivyo yao, nyekundu ni nyekundu hata kwa gari ya maiti, lakini ukiwa na kijani na msafara tayari wakatiza mbele yako, waache wamalize, kijani kitarudi. Askari wa trafiki akiwa pale fuata mkono wake na usahau taa.

Ukijikuta umeingia katikati ya msafara bila kujua, hutokea sana pale Changamwe ambapo magari yamiminika kutoka kila upande, usianze kuwapita mmoja mmoja kwa hasira. Tulia kwenye nafasi yako, usiwashe hazadi ukajifanya mmoja wao, toka makutano ya kwanza au kaa kando wakupite.

6. Kuovateki barabara kuu

Nitasema ukweli, huwezi kumfuata msafara kutoka Mazeras mpaka Voi kwa mwendo wa 50 na una mzigo wa samaki kwenye barafu. Kupita yaruhusiwa. Lakini pita wote kwa mara moja, mahali palipo wazi unapoona mbele mbali, bila honi, bila kumulika, na ukishampita wa kwanza usimrudie kwenye pua, endelea mpaka uwe mbali ndio uingie. Kama hupati nafasi ya kuwapita wote kwa pamoja basi huna nafasi, usijichomeke katikati ya basi la jamaa na gari ya maiti eti utamalizia baadaye. Dereva wa lile basi amechoka, hakulala jana, alikuwa kwenye mkesha, macho yake yamebandikwa kwenye taa za gari ya mbele na ukiingia pale ghafla anaweza kukufuata wewe mpaka mtaroni.

Mimi nikiona msafara mrefu nasimama Mariakani nakunywa chai. Nikimaliza wameshaenda.

Usiku upande wa Rabai na Kaloleni, na ile barabara ya Malindi, angalia matanga. Wamijikenda wanazika nyumbani na hanga, yaani kule kukesha kwa msiba, huwa na watu wengi, ngoma, na japo serikali imepiga marufuku disko matanga, zile disko za usiku za msibani, mara nyingi, vijana bado hutoka gizani wakavuka bila kuangalia. Ukiona mwanga wa jenereta na watu kando ya lami, 30, si zaidi.

7. Maziko ya mwana boda

Haya yana mambo yake. Boda akifariki wenzake humsindikiza kwa pikipiki, honi zalia, injini zangurumishwa, mtu amesimama juu ya kiti na tawi mkononi, wameziba laini zote mbili. Usilete mafunzo. Usiteremshe kioo kuwaambia wapunguze kelele. Kelele ndio namna yao ya kulia. Ondoka barabarani kabisa, ingia petroli steshini, kunja vioo, ngoja. Ukikwaruzwa kidogo na mmoja wao siku hiyo, samehe, haki yako utaidai siku nyingine, manake siku hiyo kwa ugomvi mdogo utachomewa gari.

8. Mtaa umefungwa turubai

Hii haitajwi na ndio humpata mtu wa kupeleka mizigo kila wiki. Wafika Kisauni au Mikindani na oda ya gesi, barabara yote imefungwa turubai, viti, masufuria ya biriani au pilau, watu wamekaa. Usifike mpaka kwenye kamba. Simama mbali, zima, shuka, enda kwa miguu kwa kijana aliye pembeni (si kwa mzee aliyekaa kitini na tasbihi), mwambie "Poleni kwa msiba, nina mzigo nyumba ya pili kule, naweza kuubeba kwa mkono nikapita nyuma?" Nakuhakikishia mara tisa kati ya kumi kijana mwenyewe ataubeba. Sijawahi kuambiwa la. Lakini nimemuona mwenzangu mmoja aliyesema "sogezeni viti kidogo gari ipite" akakaa saa nzima hajapita, na alikuwa anaongea vizuri tu, kosa lake ni kwamba alisema akiwa juu ya usukani.

Ukikaribishwa sahani kula kidogo.

9. Abiria, mteja na tajiri

Abiria waambie mapema, kabla hawajaanza kuguna. "Ndugu zangu, kuna maiti anapita, tumpishe kidogo." Ukishalitamka hivyo hata yule mwenye haraka atanyamaza, hakuna mtu Mombasa atakayesema hadharani hataki kumpisha maiti. Lakini ukikaa kimya wao ndio wataanza, na akishaanza mmoja wanaitikia wote.

Mteja wa apu mtumie ujumbe mfupi: nimesimama, kuna jeneza lapita, dakika 5. Usiandike jemu, manake jemu ni neno la kila dereva mwongo. Tajiri naye ni vivyo hivyo, na akikukalia juu muulize kwa adabu, "Baba, ningempigia honi?" Wangu aliulizwa mara moja tu.

10. Ukikodiwa wewe kubeba watu wa maziko

Nauli usipandishe. Wanaopandisha wajulikana kwa majina na plati namba, mtaa hausahau.

Angalia mafuta, maji na magurudumu kabla hujaenda kuwachukua, gari kuzima na jamaa ndani huku jeneza liko mbele ni aibu nshaiona kwa macho. Kubeba waombolezaji hakukuongezei kilomita hata moja, matatu mwisho wake ni 80 barabara kuu na 50 mjini, na watu 14 ni 14 hata kama wote ni wajomba. Wakining'inia mlangoni simama mpaka waingie. Ukiachwa na msafara usikimbie kuufukuza, muulize mtu mmoja aliye ndani jina la mahali munapokwenda na namba ya simu ya aliye mbele, uliza KABLA ya kuondoka. Gari ya abiria (PSV) ikitoka nje ya ruti yake yahitaji kibali cha muda cha NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa hivyo safari ya kijijini ikija usiku kwa kesho asubuhi, hilo ndio swali la kwanza kumuuliza tajiri.

Na ukiombwa kubeba maiti mwenyewe kwenye pikapu, omba kuona kibali cha kuzika. Si ukatili. Kwenye kizuizi cha polisi ni wewe utakayeulizwa, na familia iliyofiwa haina nguvu ya kusimama juani ikitafuta karatasi kwenye mikoba.

11. Kuondoka

Wa mwisho amepita. Ngoja kidogo bado, hesabu mpaka kumi. Kuna kijana amechelewa anakimbia kuwafikia, ataibuka nyuma ya gari yako. Angalia chini na mbele ya bampa, watoto hufuata jeneza mpaka kona fulani halafu hurudishwa, nao hurudi wakitembea barabarani. Washa injini bila kuirusha, zima hazadi, ondoka na gia ya kwanza. Muziki uwache umezimwa mpaka uvuke kona mbili, sauti husafiri.

Mara nyingi utakuta champali (ndala) moja imebaki barabarani, ya mtu aliyekuwa akiwahi kushika jeneza ikamtoka mguuni asirudi nyuma. Usiikanyage. Shuka uiweke juu ya baraza la karibu mahali pa kuonekana, mwenyewe atairudia akishazika.